Reli Iliyokosa Sauti

"Kata tena," alisema Bibi Zipora. "Bado kimekufa."

Fundi Mudrick alikitazama kipande cha reli kilichoning'inia kwa mnyororo kwenye mgunga, nje ya kanisa, pembeni ya Ihumwa. Asubuhi kilikuwa na urefu wa mtu mzima. Sasa kilibaki kimo cha mtoto anayejifunza kusimama.

Hicho ndicho kilichokuwa kengele yao, na mpigaji alikuwa Zipora, tangu hajaota hata mvi moja. Lakini toka mavuno sauti ilikuwa ikififia. Siku hizi akikigonga kwa nyundo, ni kama anagonga gunia la mtama. Ajabu, waumini hawakuchelewa ibada hata siku moja. Simu zao hizo, alijisemea.

Wazee wa kanisa walishaanza habari za kununua spika. Spika ikija, yeye atakuwa nani? Bibi wa benchi la nyuma, wa kuamshwa wakati wa sadaka. Ndipo akamwita fundi kimyakimya, siku ya kazi, watu wakiwa mashambani. Kwa kawaida siku ya kazi chuma hakigongwi ila kukiwa na msiba. Lakini chuma chenyewe kimekufa, kitamshtua nani?

"Bibi, kwani unataka kilie zaidi ya hapa?" Mudrick alikuwa amemwinamia kabla ya kujifunga kitambaa mdomoni.

"Mjukuu wangu, ncha imeoza. Chuma ni kama jino, ng'oa palipooza."

Alijua anasema upuuzi. Yeye na darasa lake la tatu, anamfundisha fundi chuma! Lakini uzee una raha yake moja: vijana hawakubishii.

Mudrick alifungua mitungi yake miwili ya gesi, akavaa miwani myeusi, akajiziba masikio kwa pamba. Mwoga huyu, aliwaza Zipora. Moto ukawaka kwenye bomba lake la kukatia, ukavutwa mpaka ukawa ulimi mfupi wa bluu. Bibi alikuwa amejiandaa kwa ngurumo, kumbe moto wenyewe mpole kama kibatari. Watu wa gesi kwa kujisifu!

Ulimi ule ulichoma ukingo wa reli mpaka ukaiva kama kaa la moto. Mudrick akabinya kishikio cha kuongeza oksijeni. Cheche zikamwagika chini kama uwele unaopepetwa, mstari mwembamba ukapita katikati ya chuma, na kipande kikaanguka mchangani.

Walisubiri kipoe. Zipora akatema mate kiganjani, akagonga.

Wapi!

Akagonga tena na tena, mpaka mkono ukamtetemeka hadi begani. "Loo, Zipora, mchawi wa vyuma weye," alijicheka. "Umekula kengele ya watu yote, na sauti hujaipata."

Alipoinua macho, aliona vumbi. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja mbio. Mzee wa kanisa, Ebenezer, alikuwa mbele na jembe mkononi. Wanawake nyuma yake wamejitwika mikono kichwani, wengine wanalia.

Basi wameshajua nimekikata, aliwaza. Ebenezer alifika akifungua na kufunga mdomo, akihema. Zipora hakumngoja amalize.

"Msinilaumu! Hakilii, sikilizeni wenyewe!"

Akainua nyundo kwa mikono miwili, akakigonga kwa nguvu zake zote.

Watu wote wakaziba masikio.