Chiriku Amshtaki Kasuku

Ulifika wakati ndege wakaacha kuja ngomani, na Chiriku, mwimbaji wao mkuu, akawa anaimbia matawi matupu. Akaenda kumshtaki Kasuku kwa Nungunungu, hakimu asiyependa maneno mengi.

"Mheshimiwa, huyu ndiye aliyeua muziki," alisema kwa uchungu. "Nikiimba leo, kesho anauiga wimbo wangu kwenye kila mti, tena bure. Nani atakuja kunisikiliza mimi?"

Kasuku hakukana. "Ni kweli naiga. Ndiyo kazi ninayoijua."

"Basi tuimbie wimbo wake wa mwaka huu," Nungunungu aliamuru.

Kasuku alikuna kichwa. "Haupo, mheshimiwa. Hata wa mwaka jana haupo. Nimemsubiri mpaka nimechoka."

Ndege wote waliokuja kusikiliza kesi wakamgeukia Chiriku. Tangu aanze kusifiwa, hakuwa ametunga hata ubeti mmoja.

Alirudi nyumbani bila kuaga, akajifungia kiotani siku sita. Ya saba alitoka na wimbo mpya, bado unakwaruza hapa na pale. Ndege wakaanza kusogea, mmoja mmoja. Kasuku ndiye aliyetangulia kufika, na Chiriku hakumfukuza.