Taa Mpya za Mwinyijuma

Mbuzi aliyegongwa kule Mabawa lilikuwa kosa la taa. Ule ua wa Raskazone uliolazwa chini, Mzungu mwenyewe akatoka na pajama kutukana, nao ni taa. Na mtaro wa Chumbageni, ambamo gari lilitumbukiza pua na kubaki limeinua matako juu huku watu wakicheka, basi taa, nini tena? Mwinyijuma aliyasema hayo kila barazani, na kwa kuwa alikuwa na mali ya mbata na ulimi mtamu, watu walimwitikia.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la viti viwili na paa la turubai, la tangu kabla ya vita. Alilinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Ni kweli taa zake zilikuwa zimechoka. Zilitoa mwanga wa manjano kama wa kibatari. Lakini hata ungelifunga jua lenyewe pale mbele, Mwinyijuma asingeona kitu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Mchana aliona watu kama vivuli nyuma ya pazia, na jua likizama hakuuona hata mkono wake mwenyewe.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, fundi Haji, rafiki yake na mshenga wake.

Maana Mwinyijuma alikuwa anaposa. Alimtaka Asmahani binti Uweso, na alimtaka mpaka usingizi ukamruka, mtu mzima na mvi zake. Asmahani alikuwa amemwongoza bibi yake kipofu tangu utotoni mpaka siku ya mazishi, na sharti alilompa baba yake lilikuwa moja: mume wa kushikwa mkono hamtaki. Mshenga ndiye anayepeleka posa, na ndiye anayeapa kwamba mwanamume hana kilema. Haji aliapa. Alikwenda kwa Mzee Uweso mara kwa mara kulainisha mambo, hata siku ambazo hakutumwa, na Mwinyijuma akamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye bidii.

Siku moja Haji akarudi na habari. "Mzee ana wasiwasi. Maneno ya mtaroni yamemfika. Nimemwambia ni taa. Amesema basi zibadilishwe, uje mbele ya nyumba yake baada ya Magharibi, uziwashe, umwambie unachokiona. Ukiona, anakuozesha."

Mwinyijuma akanong'ona. "Sasa yakhe, nitaona nini mimi?"

"Utaona nitakachokwambia. Nyumba ina ukuta mweupe. Kando ya mlango pana mkomamanga. Nitamwomba Asmahani asimame hapo, kavaa kanga nyekundu. Taa zikiwaka, nitakohoa. Wewe sema tu."

"Na wakitaka niendeshe?"

"Nitasema betri ni mpya, isichoshwe. Niachie mimi."

Mwinyijuma akamkumbatia, machozi yakamtoka kwa macho yale yale mabovu.

Taa zikaja kutoka Mombasa, za kioo kizima, kama za malori mapya ya mkonge. Haji alipokuja kumchukua siku ya ahadi alisema kazi imekwisha. Mwinyijuma akanyoosha mkono kuzipapasa, Haji akaudaka.

"Usiziguse. Zinashika madoa ya vidole, watasema ni kuukuu."

Haji ndiye aliyeendesha, kwa kisingizio kwamba fundi hukabidhi gari mbele ya watu. Walifika Chumbageni jua lingalipo, wakaliacha gari mbele ya nyumba ya Mzee Uweso, wakasali Magharibi msikiti wa mtaani, wakatoka kumekwisha kuwa giza. Haji alimwekea mkono begani wakatembea wakicheka, kama wanaopiga soga, mpaka akamfikisha kwenye usukani. Watu walikuwa wamejaa. Mwinyijuma alisikia viatu, minong'ono, mvumo wa karabai, na harufu ya udi kutoka kwa wanawake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuone hizo taa."

Akaitafuta swichi kwa kidole, akaivuta. Haji akakohoa.

Raha ikampanda Mwinyijuma kichwani. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi namna hii. "Mashaallah," alisema, akiegemea kiti. "Hizi ndizo taa. Mzee, ukuta wako nauona mpaka nyufa za chokaa."

"Na nini kingine?" Mzee Uweso aliuliza polepole.

"Mkomamanga huo kando ya mlango. Na chini yake, ukiniruhusu, namwona Asmahani na kanga yake nyekundu. Mwanga umempiga usoni, anainamisha macho kwa haya."

Mtu mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Mwinyijuma aliona huo ni mshangao wa watu wasiozoea vitu vya kisasa, na akazidi kunoga. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akawataka wazime karabai zao wasipoteze mafuta bure, maana mtaa mzima umekuwa mchana.

Kicheko kikamponyoka Asmahani. Hakikutoka kule kwenye mkomamanga. Kilitoka hapa hapa, mlangoni mwa gari, karibu na sikio lake.

"Haji?" Mwinyijuma akaita.

Aliyejibu ni Mzee Uweso, na hakusema naye. "Haji, mkwe wangu, zitoe sasa hizo taa kwenye kasha uzifunge, tumrudishe mgeni kwake."