Mgao wa Vidonge

Wembe ulipita katikati ya kidonge, kikakatika vipande viwili juu ya sahani ya bati. Mzee Anania alivipima kwa jicho, akakikwangua kidogo kile kikubwa, kisha akamsukumia Luqmani kimoja.

"Umenipunja, Mbena wewe."

"Mtu wa Kilwa hujawahi kushiba. Meza."

Luqmani alimeza. Akatoa kidonge cha kwake, akakikata, naye akampa Anania nusu. Nyuma ya jiko la hospitali, kwenye jua la asubuhi, wazee wengine ishirini na wawili walikuwa wakifanya hivyo hivyo, wawili wawili, kimya, kama watu wanaosafisha bunduki.

Wote walikuwa askari wastaafu, na wote kifua kilikuwa kinawamaliza. Hospitali yao ipo nje kidogo ya Makambako, upande wa kwendea Njombe, na baridi ya pale haina huruma na mapafu mabovu. Luqmani, aliyeendesha malori miaka thelathini baada ya jeshi, kabla ya vidonge hivyo alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta mara tatu.

Zaidi ya miaka arobaini waliambiwa wasubiri. Wasubiri daktari, wasubiri dawa, wasubiri barua yao ijibiwe. Halafu siku moja dawa ikaja, na ikaja na masharti.

Dokta Praygod, mtafiti kutoka Dar es Salaam, aliyaeleza kwa upole. Nusu yao wangepewa dawa mpya. Nusu wangepewa unga usio na dawa, ulioshindiliwa kwa sura ya kidonge hichohicho. Baada ya miezi sita kila mtu angetembezwa dakika sita kwenye korido, apimwe amefika wapi. Waliopewa dawa wakiwapita wenzao, dawa ingekubaliwa, na kila askari mstaafu angeipata bure mpaka mwisho wa maisha yake.

"Na nani kachagua wa kula unga?" Anania aliuliza.

"Kompyuta, mzee. Hata mimi sijui nani kapata nini."

"Hiyo kompyuta ilipigana Kagera?"

Wazee walicheka. Dokta naye alicheka. Kisha fomu zikapitishwa, wakatia sahihi, maana askari akiletewa karatasi husaini kwanza, hasira huja baadaye.

Hasira ilikuja kesho yake. Anania alipita kitanda kwa kitanda akilamba kidonge kimoja kutoka kila kopo. Vingine vilikuwa vichungu mpaka masikio yanasisimka. Vingine vilikuwa unga mtupu. Cha kwake kilikuwa kichungu. Cha Luqmani kilikuwa unga.

Kule Uganda, vitani, biskuti moja walikula watu wanne, na aliyekuwa akiikata ni Luqmani. Hakuna aliyeuliza wewe kundi gani. Basi kila mwenye dawa alipangwa na mwenye unga, wembe ukatafutwa, na mgao ukaanza.

"Tukimwambia dokta?" Luqmani aliuliza siku ile ya kwanza. "Huenda akaelewa."

"Ataelewa, halafu atatufukuza. Wewe utazikwa na uelewa wake."

Hawakumwambia.

Mwezi wa pili Luqmani alishika ukuta mara moja tu. Mwezi wa nne alitembea hadi getini na kurudi, njia nzima akiitukana baridi kwa sauti ambayo wodi ilikuwa haijaisikia tangu aletwe. Mzee Kristofa wa Kitandililo, ambaye wanawe walishaanza kuulizana habari za kaburi, aliomba jembe akalime.

Mara moja waliponea chupuchupu. Sista Jackline, muuguzi wa wodi, aliikuta sahani ina vumbi jeupe.

"Baba Anania, hii nini?"

"Poda ya meno ya bandia, mwanangu."

"Una meno ya bandia wewe?"

"Ya Luqmani hayo."

Luqmani akaufunga mdomo wake wenye meno yote. Sista aliwatazama mmoja mmoja, akaichukua sahani, akaenda nayo. Wiki nzima walimeza nusu zao pamoja na hofu. Kama amesema, wamekwisha. Lakini hakuna aliyeitwa.

Miezi sita ikatimia, wakatembezwa koridoni, dokta akaondoka na karatasi zake. Aliporudi baada ya miezi miwili, makopo ya mwisho yalikuwa yamebaki na vidonge vya kuhesabu. Aliwakusanya kwenye ukumbi wa kulia chakula. Alikuwa hatabasamu.

Anania aliona wameshikwa. Alisimama kwanza yeye, mikono ubavuni. "Dokta, kama kuna kosa, wenzangu hawahusiki. Niandike mimi."

"Kosa gani, mzee?" Dokta Praygod alishangaa. "Kaa, tafadhali. Nimefanya utafiti hospitali nyingi, sijaona nidhamu kama yenu. Hakuna kidonge kilichopotea. Hakuna aliyekosa hata siku moja."

Luqmani alimvuta Anania kwa koti, akamkalisha. Chini ya meza alimfinya paja, na wote wawili wakaubana mdomo wasicheke.

"Na jambo la pili," dokta aliendelea. "Wote mmepata nafuu kubwa."

Makofi yalilipuka. Kristofa alipiga meza. Sista Jackline, pale mlangoni, alipiga kigelegele. Dokta aliinua mkono, akangoja mpaka wanyamaze, akafunga faili lake.

"Wote, wazee wangu. Waliokula dawa na waliokula unga, hatua kwa hatua, mko sawasawa. Kwa hiyo kilichowasaidia ni uji wa hapa na moyo wenu. Dawa haina kazi. Wenye kiwanda walikuwa wanangoja majibu yenu tu, na mwezi uliopita wameacha kuitengeneza."