Barua za Stumai

Fundi wa kompyuta alimweleza Mbaraka njia mbili. Barua pepe alizoandikiwa na marehemu Stumai, mkewe wa kwanza, zikibaki ndani ya programu ile ya zamani, programu ikifa nazo zimekufa. Zikigeuzwa kuwa maandishi matupu, zitafunguka kwenye mashine yoyote. Hata wajukuu watazisoma.

“Maandishi,” alisema Mbaraka upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Wivu ulimkaba Rukia, mkewe wa sasa. “Na zangu je, baba Zena? Zile ninazokuandikia kwenye simu?”

“Zako za nini? Wewe si upo?”

Fundi akachomoa flashi. Mbaraka alikuwa bado anatafuta miwani yake, kwa hiyo akaipokea Rukia. Ilikuwa ya moto.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Rukia akatangulia kutoka, flashi ikiwa kwenye kiganja kilicho wazi.