Jiwe Tumboni

Papai lilikwisha, uji ukaisha, na dalali akauliza tena kabla hata hajavua viatu.

"Limetoka?"

"Bado," mkewe akajibu. "Choo kitupu."

Kijana aliyejikunja mkekani, magoti kifuani, alikuwa mtoto wa kaka yake huyo mama. Alikuwa ametoka machimbo mapya, kule ambako walinzi huwapekua wachimbaji getini mpaka kwenye nywele. Tumboni hawapekui. Ndiyo maana alimeza kito cha safaya, kikubwa kama punje ya hindi, akakishushia kwa maji ya shimoni, maana mengine hayakuwepo.

Safaya za buluu zimejaa sokoni. Hii ilikuwa na rangi ya embe bivu, na masonara wa ng'ambo walikuwa wakiitafuta rangi hiyo kwa udi na uvumba. Mnunuzi wao alikuwa hotelini, na jioni ile angeondoka.

"Tumbo linawaka, Shangazi," kijana akasema. "Nipelekeni hospitali."

"Hospitali watakupiga picha," dalali akadakia. "Jiwe litachukuliwa na wewe utafungwa. Hilo ndilo unalotaka?"

Shangazi akamfuta jasho. Tangu kijana afike juzi, ni yeye aliyemlisha, akamwosha, akammwagia ndoo yake ya choo. Dalali hakuikaribia ndoo ile. Alikuwa mtu msafi sana, hasa palipokuwa na kazi ya kufanya.

Alikuwa amemwahidi mkewe nyumba jiwe likiuzwa. Hata lile lililopita aliahidi hivyo hivyo, likaishia kuwa mahari ya mke mdogo.

Adhuhuri alirudi na mwenye bucha.

"Niliwahi kumpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa," mwenye bucha akasema, huku akitafuta msumari wa kutundikia koti. "Yuko hai mpaka leo. Anakamuliwa."

Kijana akaelewa. Akaukamata mkono wa shangazi yake kwa nguvu zote zilizombakia.

"Shangazi, nakuomba. Waambie wasubiri. Litatoka lenyewe."

"Baba watoto," shangazi akaanza, "subira yavuta heri."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mnunuzi anaondoka leo!" Dalali akamkazia macho. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Una hakika halijatoka? Kama limetoka, sema, huyu bwana arudi kwenye nyama zake."

Mwenye bucha aliacha kunoa kisu. Kijana hakuyabandua macho yake usoni kwa shangazi yake. Mtu mwingine wa kumtetea hakuwa naye.

"Halijatoka," shangazi akasema, machozi yakimtiririka.

"Basi tupishe."

Shangazi akavibandua vidole vya kijana mkononi mwake, taratibu, akachukua ndoo na kutoka. Mlango ukafungwa kwa komeo nyuma yake.

Uani alijibanza nyuma ya choo, akachungulia huku na huku. Ukelele wa kwanza ulipotoka dirishani, alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akalitazama tena lile jiwe aliloliokota ndooni jana asubuhi.