Kasoro ya Ukurasa wa Themanini na Saba

"Hili ni ini au kandambili?"

Mhariri alirefusha shingo kutazama picha. Kweli bwana, ini lilikuwa kandambili, tena ya mguu wa kushoto.

"Tutalirekebisha, Mama."

Mhadhiri wa lishe, ambaye wanafunzi walimwita Mama Vitamini pale tu alipokuwa mbali, alifunua ukurasa mwingine. Alikuwa amepewa kitabu hicho cha kiada akikague. Kama asingetia saini siku hiyo, kesho yake mtambo wa kuchapia ungepewa kitabu cha watu wengine. Mhariri na mpiga picha walikuwa wameketi mbele yake kama washtakiwa.

"Nianze na mazuri," alisema. "Picha mia tatu na kumi na mbili! Hata mwanafunzi mvivu atafaulu bila kusoma sentensi moja. Jedwali la madini limenyooka. Kinyesi cha mtoto anayeharisha kimepigwa picha kwa uaminifu wa kutisha. Nilikifikia nikiwa nakunywa chai."

"Ahsante, Mama," mpiga picha alisema, kwa dhati kabisa.

"Sasa mabaya. Maneno mmeyasukumia pembeni kama ndugu wasioalikwa. Na picha hazina tarehe, hazina mahali." Aliweka kidole kwenye ukurasa wa themanini na saba. "Kwa mfano hii. Ilipigwa lini?"

"Hiyo? Mwezi uliopita. Jumanne, saa saba mchana."

"Wapi?"

"Ule mkahawa wa nyuma ya posta. Hao ni watu halisi, Mama, si waigizaji. Niliwaomba ruhusa, wakacheka, wakaendelea kula. Huo ndio uzuri wa kitabu hiki."

Mama Vitamini aliandika kila kitu kwenye daftari lake: Jumanne, saa saba, nyuma ya posta. Alipoweka nukta, kalamu ilitoboa karatasi.

Mhariri jasho lilimtoka. Miaka yote ya kazi hajawahi kukutana na mkaguzi makini namna hii.

"Na haya maelezo chini ya picha, nani kayaandika?"

"Mimi," mhariri alikiri.

"Ulithibitisha?"

Mhariri aliyasoma kwa sauti, polepole, akilitafuta kosa neno kwa neno. "'Mke akimlisha mumewe mboga za majani.'" Halafu akamgeukia mpiga picha, akamnong'oneza kwa hasira, "Si uliniambia ni mboga?"

"Ni mboga! Nilionja mwenyewe!"

"Mboga ni sahihi," Mama Vitamini alisema, akivua miwani. "Na mume ni sahihi, ni wangu. Kwenye mke ndipo mlipokosea."