Zamu ya Sinahaja

Nguchiro mmoja alijiita Sinahaja, kwa kuwa hakumtegemea yeyote. Alichimba wadudu peke yake, akiinua kichwa kila mara kumwangalia tai, basi hakushiba hata siku moja.

Asubuhi moja tai alimshukia kweli. Kundi la nguchiro likatoka mbio, likamzingira Sinahaja na kumfokea tai mpaka akaruka zake.

“Sikuwaita,” alisema Sinahaja.

“Hukutuita, ndugu yangu,” alijibu jike mwenye sikio lililochanika, akapanda kichuguu. “Haya, inama ule. Mimi nalinda.”

Sinahaja akachimba. Akainua kichwa mara moja, akainua tena, kisha akasahau, akala mpaka tumbo likamjaa.

Ndipo alipokifuata kichuguu.

“Shuka ukale, dada,” alisema. “Sasa zamu yangu.”